Mji Tusio na Mtu

Katika mtaa wa Brodipet, mjini Guntur, kusini mwa India, kijana anayetaka kusomea uhandisi ng'ambo haulizwi anakwenda chuo gani. Anaulizwa anakwenda kwa nani. Wa kwanza kutoka mtaani alikwenda Texas, wa pili akamfuata, na waliobaki wakawafuata hao wawili. Kila anayesafiri hukabidhiwa na majirani vifurushi vya achari ya embe na pilipili ya unga awapelekee watoto wao, hivi kwamba sanduku la mwanafunzi huwa na nguo chache sana. Sifa za chuo hujadiliwa baadaye, zikijadiliwa.

Sambasiva Rao alistaafu kutoka idara ya umwagiliaji baada ya kumaliza ujana wake kwenye mifereji ya mto Krishna. Hapendi kelele, hubishana kwa kunyamaza. Mwaka huu bintiye wa pekee, Haritha, alipata nafasi mbili. Chuo kimoja cha Texas kilimkubali kwa uhandisi wa kompyuta, kazi anayoiweza na asiyoipenda. Aliomba ili kumridhisha mama yake. Chuo cha mjini Dresden, Ujerumani, kilimkubali kwa uhandisi wa maji. Huo aliuomba kwa sababu tangu utotoni alifuatana na baba yake kukagua mabwawa, na hajawahi kutaka kitu kingine. Wajerumani walitaka jibu kabla ya Ijumaa.

"Huko kuna nani?" baba aliuliza.

"Kuna maabara kubwa ya mabwawa, baba."

"Nimeuliza nani, mama. Sijauliza nini."

Haritha alikiri kwamba hakuna mtu. Baba akarudi kwenye gazeti, ukurasa ambao alikuwa ameshausoma. Katika nyumba ile, hiyo ndiyo hapana.

Jioni alikuja jirani yao, Bibi Koteswaramma, mwenye wajukuu Texas, akiwa na bakuli la mtindi na maoni yake.

"Ujerumani? Ukishikwa na homa nani atakupikia wali na mchuzi wa ukwaju? Profesa?"

"Nitajipikia, bibi."

"Wewe? Mara ya mwisho ulipopika, mbwa wenu alihamia kwetu."

Hata hivyo, Bibi Koteswaramma hawezi kukubali kwamba kuna nchi duniani asiyo na ndugu. Alifikiri kidogo, akamkumbuka Phanindra, mtoto wa shemeji ya dada yake, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha magari huko huko Ujerumani. Kesho yake Sambasiva Rao alimpigia, spika ikiwa wazi, nyumba nzima ikisikiliza.

"Mjomba, mimi niko Munich," alisema Phanindra. "Dresden ni mbali. Saa tano kwa treni, na hapo treni iwe na adabu."

"Kwa hiyo mjini kwenyewe humjui mtu."

"Hata paka."

Sambasiva Rao alishukuru, akaanza kutafuta pa kubonyeza akate simu.

"Subiri, mjomba! Akija, atakuja na achari?"

"Achari ipi?"

"Ya huko nyumbani! Mwaka wa tatu huu nakula ya dukani. Ni kama kutafuna karatasi iliyomwagikiwa mafuta."

"Mama yake atamfungia."

"Basi nitampokea uwanja wa ndege mwenyewe. Na kila mwezi nitakwenda kumwona."

"Kumwona yeye au achari?"

"Mjomba, wewe ni mtu mzima. Usinilazimishe kusema uongo."

Sambasiva Rao alikata simu. Miaka ya kufanya kazi na makandarasi ilikuwa imemfundisha kumwamini mtu anayetaja waziwazi anachokitaka.

"Wajibu hao Wajerumani," alimwambia bintiye. "Tuna mtu."

"Mtu gani huyo wa saa tano kwa treni?" mkewe akauliza.

"Mwenye njaa. Hatachelewa."

Haritha alituma jibu kabla baba hajafungua tena gazeti. Wiki iliyofuata, viza yenyewe ikiwa bado haijatoka, Bibi Koteswaramma alirudi akimvuta mkono mjukuu wake wa mwisho, ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka wa pili wa chuo.

"Mweleze mwenzio wanavyoomba," alimwagiza Haritha, akaketi. "Nasikia Dresden ni pazuri. Na sasa tuna mtu huko."