Kivumbasi cha Mkono wa Wifi

Sifichi: nilimwonea wifi yangu wivu, tena si wa kitenge wala wa mume. Wivu wenyewe ulikuwa wa majani ya kivumbasi.

Kivumbasi hicho kinaota nyuma ya zizi nyumbani kwetu Tinde, na hakuna aliyekipanda. Mama alitulea nacho. Ukishikwa na mafua unafunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani yanayochemka, unatoka jasho mpaka unaomba msamaha kwa kosa usilolijua. Tumbo likijaa gesi, unakunywa maji yake. Mbu wakizidi, tunachoma majani. Sharti ni moja tu: anayekwenda kuchuma hasalimiani na mtu mpaka dawa iwe jikoni.

Mwaka huu mama alipougua kifua nilifunga kibanda changu cha chakula kule machimboni Segese, nikarudi kumuuguza. Dawa za hospitali anakunywa, lakini kivumbasi hakiachi, na lazima kichemshwe na wifi, mke wa kaka yangu.

"Huyu ana mkono," mama anasema. "Dawa inamkubali."

"Na mimi je, mama?"

"Wewe mkono wako ni wa pilau za wachimbaji."

Haya! Mimi niliyetoka tumboni mwake! Mwenzangu kaja juzi tu na sanduku lake, leo ndiye mwenye mkono. Wageni wakija kumjulia mama hali, sifa zote zake. Mimi naambiwa nilete stuli.

Siku moja nikasema, leo ni leo. Alfajiri nikaenda kuchuma mwenyewe. Narudi, wifi yuko uani anafagia.

"Umeamkaje, wifi?"

Nikapita kimya. Nikachemsha, nikamimina kwenye kikombe anachotumia wifi siku zote, kile cha bati chenye ua jekundu, nikampelekea mama. Nikamdanganya kwamba wifi kanituma.

Mama akanywa nusu, akashusha pumzi. "Unaona? Kifua kimefunguka. Nilikwambia huyu ana mkono!"

Nilifurahi, na papo hapo nikaumia. Nilitaka kusema ni mimi. Ndipo wifi akaingia.

"Mama, leo sijachemsha mimi," akasema kwa upole. "Ni wifi. Nilimsalimia asubuhi hakuitika, nikajua katoka kuchuma."

Mungu mkubwa! Nikakaa vizuri kwenye kigoda, nikasubiri sifa zangu.

Mama alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akakiweka chini.

"Ndiyo maana," akasema, mkono tumboni, "naona tumbo limeanza kuniuma."

Nilitoka nje nikalia, mtu mzima na akili zangu. Wifi akanifuata, akanishika bega.

Kesho yake nilichuma mimi, nikachemsha mimi, wifi akabeba kikombe. Mama alimaliza chote, akaomba kingine.