Mchi Kitandani kwa Babu

Ule mwaka London nzima ilipoikimbia nyama ya ng'ombe, wakisema inatia wazimu, sisi Wembley tulikula kuku mpaka nikahisi nitaota manyoya. Mume wangu alikuwa kitandani, figo zimemchoka, na daktari alishatwambia tusitegemee mengi.

Asubuhi moja nakwenda kumgeuza, nakuta mchi wa kinu changu chini ya shuka, kaukumbatia.

"Nani kaleta mchi huku?"

Mjukuu wetu, miaka tisa, akajitokeza mlangoni. Yule mtoto ana akili, na sisemi kwa kuwa ni wangu. Mimi niliishia darasa la nne, yeye anasoma vitabu vinene kuliko mto wangu wa kulalia. Akanijibu Kizungu, kama kawaida yake. Shuleni wamefundishwa kwamba kwa watu wa kale wa kaskazini ya Ulaya, anayefia vitani huenda kwenye ukumbi wa mungu wao Odin, akala na kunywa. Anayekufa kwa maradhi hushushwa kwa Hel, mwanamke ambaye nusu yake maiti, kwenye baridi. Na babu anachukia baridi. Basi lazima afe na silaha.

"Huko kwa Odin wanakula nini?" akauliza mzee.

"Nguruwe. Wanamchinja, kesho anafufuka, wanamchinja tena."

"Astaghfirullah! Kiporo cha nguruwe milele!"

Nikauliza kama hakuna kwengine. Kuna kwa Wagiriki, akasema: unatiwa sarafu mdomoni iwe nauli ya kuvuka mto, unampita mbwa mwenye vichwa vitatu, halafu karibu wote, mashujaa kwa wapishi, mnakuwa vivuli tu gizani.

"Mbwa!" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Akinilamba nitajitoharisha mara saba kwa kila kichwa."

Na hiyo miungu yenyewe! Zeus wa Wagiriki hafi, lakini haoni mke wa mtu akatulia. Odin kajing'oa jicho apate hekima, na mwisho wake analiwa na mbwa mwitu. Nikamwambia mtoto, huyo wa kwanza simfungulii mlango, na wa pili hajajiokoa mwenyewe, atamfaa nini babu yako?

Nikadhani nimemaliza. Mtoto akaangua kilio. Siku zote zile halali vizuri, kumbe sababu ndiyo hii. Nikamkumbusha kwamba babu yake ana Mola wake. Akasema anajua, ila babu anafia Ulaya. Hiyo miungu ya hapa si itamwahi?

"Bibi, mpige kidogo tu, iwe vita."

"Sipigi mtu mgonjwa."

"Nipige, bi mkubwa," akasema mzee, "mtoto apate kulala."

Nikakaza uso. Mzee akauinua mchi kwa mikono miwili, akanigusa nao begani.

"Haya, vita vimeanza."

Mtoto akafuta kamasi, akacheka. "Mrudishie, Bibi! Mrudishie!"

Mzee akanitolea shavu, limebonyea, macho yananingoja.

"Sipigi mtu mgonjwa."