Ghorofa ya Nne

Shangazi yangu ndiye mpiga chapa wa shule yetu, na chumba chake kiko ghorofa ya nne. Ni mnene, mcheshi, na hawezi kuvumilia kitu nusunusu. Mkuu wa shule akisahau salamu kwenye barua, shangazi humwekea. Mwalimu wa hesabu akitunga maswali tisa, yeye huongeza la kumi, na hilo ndilo hutushinda.

Mwaka huu shule yetu iliandaa mashindano ya ushairi, na timu yetu ya wanafunzi wanne ikaamua kumtungia yeye shairi bila kumwambia. Nililiandika mimi, wenzangu wakalipiga msasa. Mwisho wake ulikuwa hivi:

Ghorofa ya kwanza cheko, ya pili nashika kuta,
Ya tatu naita mama, ya nne...

Hapo tulikata makusudi. Msomaji angehema tu, na ukumbi ungecheka. Kwa ujinga wangu nikampa mhusika mwenyewe akalichape.

Siku ya mashindano, ukumbini ghorofa ya nne, karatasi zilipokwisha kukabidhiwa kwa majaji, ndipo nikaiona nakala yetu. Mstari wa mwisho ulisema: "ya nne nimeshafika." Kanuni ilikuwa moja: ukighani tofauti na karatasi, unakatwa alama tano. Ukighani kama ilivyo, utani umekufa.

Nilishuka mbio nikamkuta chini akipokea wageni.

"Shangazi, umeligusa shairi letu?"

"Nimelitengeneza. Nimehesabu mizani kwa vidole, nane hazikutimia. Shule nzima ingeaibika. Hata asante hakuna?"

"Lile pengo ni wewe, shangazi. Unapanda ngazi, pumzi zimekwisha."

Akamwachia mgeni mkono katikati ya salamu. Nina miaka kumi na sita, na sikuwahi kumwona akiacha salamu nusu.

"Mmeniandikia mimi?"

"Wewe."

"Basi nipishe."

Akashika ngazi. Hakupumzika ya kwanza, wala ya pili. Ya tatu nilimsikia akimwita marehemu bibi. Ukumbini alimwendea moja kwa moja jaji mkuu, mama mmoja wa miwani ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu.

"Mheshimiwa," akasema, "watoto hawana kosa. Lile neno la mwisho nimelitia mimi. Wao waliandika, ya nne..."

Hapo pumzi zikamwishia. Akabaki ameshika meza, mdomo wazi, kidole juu.

Jaji akaitazama karatasi. Akamtazama shangazi. Akavua miwani akaifuta, mabega yanamtikisika, kisha akachukua kalamu akalikata lile neno.

"Ghanini la kwenu," akatuambia.

Tulishinda kwa alama tatu.

Jumatatu shangazi alilichapa upya akalibandika mlangoni pake, na baada ya "ya nne" ameacha nafasi tupu. Nilimwuliza kama halimsumbui.

"Linanisumbua kila nikilipita," akasema. "Lakini usiliguse. Ni langu."