Jezi Safi ya Kipa wa Akiba

Kinachoonekana kwanza ni punje nyeusi za raba zinazomwagwa kwenye uwanja wa nyasi bandia. Zimeganda mgongoni mwa jezi, si kifuani. Malan Niclasen anazipukuta kwa kidole na kutabasamu.

"Hapa walishinda," anasema. "Mfungaji huangushwa na wenzake, wakamlalia. Wakishindwa, mtu huanguka kifudifudi, peke yake."

Ni asubuhi ya ukungu mjini Tórshavn. Kondoo wanalia mahali pasipoonekana. Malan, mwenye miaka hamsini na sita, hufua jezi za timu ya taifa ya Visiwa vya Faroe na kuzianika katika banda la mbao lenye nyufa, nyuma ya nyumba yake. Upepo wa bahari unapenya, mikono ya jezi inainuka na kushuka, kama watu wanaocheza usingizini.

Banda hilo ni la kukaushia nyama ya kondoo kwa upepo. Mwaka mmoja alianika jezi na nyama pamoja. Wachezaji wakaingia uwanjani wakinuka paja la kondoo lililoanikwa miezi mitano, na mabeki wageni wakawa hawawasogelei. Sámal, dereva wa timu, hajaacha kumchokoza kila aletapo mifuko ya jezi chafu.

"Mama, mwaka huu hutundiki nyama? Tunacheza na wakubwa."

"Nikutundike wewe. Unanuka zaidi."

Visiwa hivi vina watu elfu hamsini na kitu, na timu yao imefungwa mara nyingi kuliko inavyopendeza kusema. Lakini mwaka 1990 iliifunga Austria bao moja bila, tena nchini Sweden, maana kwao hakukuwa na uwanja wa nyasi. Malan alikuwa kiwandani akipasua samaki. Anakumbuka visu vyote vilinyamaza, redio ikabaki inazungumza peke yake. Baadaye Ugiriki ikaanguka mara mbili, kisha Uturuki.

Jezi moja hurudi kila mara haina doa. Ni ya mwanawe Høgni, seremala, kipa wa akiba kwa miaka saba. Hajawahi kucheza hata dakika moja. Malan huifua vilevile.

Jumamosi atacheza. Kipa wa kwanza amevunjika kidole. Juzi Høgni alikuja kunywa kahawa, akasimulia paa analoezeka, habari za mechi hakuzitaja. Mama akamwongezea keki, wakatazama ukungu.

Mechi zote Malan huzisikiliza redioni, akisubiri mifuko. Safari hii amekata tiketi.

"Watu hunionea huruma kwa ile jezi safi," anasema taratibu. "Sijawahi kumwambia mtu: kila iliporudi safi, nilishukuru. Sisi hufungwa manne, matano, na hapa kila mtu anamjua mama wa kipa. Jumamosi nitakaa nyuma ya goli lake. Akigeuka kuokota mpira wavuni, anione mimi kwanza."