Pistole ya Mastiki Kutoka Likasi

Niliondoka Kolwezi kwa sababu ya tangi la maji. Lilikuwa tangi la bati la maternité, hospitali ya uzazi ya mtaa wetu wa Kapata, na maungio yake ya chini yalikuwa yamefunguka. Kampuni ya migodi ilikuwa imekwama, karakana zimefungwa, hakuna wa kuchomelea. Nilibaki na tyubu chache za mastiki, gundi nzito ya kuzibia bati. Lakini pistole yangu, kile chombo cha kufinya kwa mkono ili gundi itoke, ilipinda kwenye tyubu ya kwanza. Mama waliotoka kujifungua walikuwa wakisubiri ndoo za maji kutoka mbali.

Aliyejua kazi ile vizuri ni tata Kalala, "tata" maana yake baba, fundi wa mabomba, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alizaliwa Kapata, ila wazazi wake walitoka Kasai. Majuma machache nyuma, vijana waliokuwa wakiwafukuza watu wenye asili ya Kasai walikuja kumwambia arudi "kwao". Siku ile nilikuwa nyumbani, nikafunga dirisha. Baadaye nilisikia kwamba yeye na mke wake wako Likasi, wanangoja treni ya Kasai.

Alfajiri nilipanda lori la makaa. Baada ya daraja la Lualaba barabara ilikuwa mashimo matupu, tukashuka mara mbili kulisukuma. Watu wa juu ya magunia walizungumza bei ya unga. Kuhusu waliofukuzwa, hakuna aliyefungua kinywa, hata mimi.

Likasi tulifika mchana. Nje ya gare, stesheni ya treni, familia zilikuwa zimejenga vibanda kwa mashuka, milango ya kabati na bati kuukuu. Nilimkuta Kalala akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo.

"Wewe? Nani amekufukuza wewe?"

"Hakuna, tata. Nimekuja kukuuliza kitu." Nikamweleza habari ya tangi.

Mke wake, mama Ngalula, aliacha kuchambua mchele. "Ulifunga dirisha," akasema. "Mi nilikuona."

"Njo vile, mama. Niliogopa."

Akaurudia mchele wake. Kalala alijifuta sabuni, akavaa viatu. "Batoto banazaliwa kule, banahitaji mayi. Twende ku soko."

Sokoni muuzaji alitupatia pistole nyepesi yenye rangi nzuri, fimbo yake ina meno kama msumeno. Kalala aliirudisha. "Hii ni ya mastiki laini. Nzito ikikataa kutoka, meno yanaruka." Akachukua nyingine, nyeusi, ya chuma kinene, fimbo yake laini bila meno. "Finya. Angalia fimbo inatembea namna gani."

Nilifinya hadi mwisho. Fimbo ilisogea kidogo sana. "Ni mubovu," nikasema.

"Hapana! Inatembea kidogo sababu inasukuma na nguvu. Ile inakimbia, nguvu yake ni kidogo." Kisha akakagua kama fremu inayumba, akanipa. "Tyubu ziweke ku jua kwanza. Na ncha, kata mupana."

Tuliporudi gare, mama Ngalula alinisogezea sahani ya wali bila kuniangalia. Nilikula. Nilitaka kuomba msamaha sawasawa, lakini mabehewa yalikuwa yakisogezwa na kila mtu akasimama kutazama. Hayakuwa yao. Tuliagana hapo.

Kesho yake nilirudi Kapata. Tulikausha tangi, nikaanika tyubu juani, nikaziba. Mkono uliuma, lakini mastiki ilitoka taratibu bila kukatika. Baada ya siku tatu tulijaza maji. Halikudondosha hata tone.

Muuguzi aliniuliza mbele ya watu nani alinifundisha. Uani walikuwepo wawili wa wale vijana waliomfukuza Kalala. Safari ile ilinifundisha kuchagua pistole, jambo rahisi ukishaonyeshwa. Ilinifundisha pia kwamba woga wangu ulikuwa umeonekana, na aliyeuona alinipa chakula.

"Tata Kalala," nikasema. "Mutu wa Kapata."

Kijana mmoja akauliza nimesema nani. Nikalirudia jina, kwa sauti zaidi.