Kona ya Kisima

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuandika hati lilikuwa kuunyoosha mpaka uliopinda. Sikupitiwa. Niliunyoosha kwa kuwa, ukiwa umepinda, ulionekana kana kwamba mkono wangu umetetemeka.

Shule niliiacha darasa la nne. Kiingereza nilijifunza kwa magazeti makuukuu, na kuchora ramani nilijifunza nikiwabebea wapima ardhi mnyororo wao wa kupimia katika shamba la mkonge. Mtu asiye na cheti huishi kwa hofu. Herufi moja ikikaa vibaya, nilichana karatasi nikaanza upya.

Ndipo akaja Mzungu mmoja kutoka Nairobi, akitaka kiwanja ufukweni Ushongo ajenge nyumba ya mapumziko. Ami yangu akakubali kumuuzia kipande chake, nami nikaitwa kuandika na kuchora. Tuliutembea mpaka kama ilivyo desturi: muuzaji mbele, majirani nyuma, kila mnazi wa mpakani unaguswa kwa mkono na kutajwa ni wa nani. Karibu na pwani mpaka uliingia ndani, ukakiacha nje kisima cha shangazi yangu, dada yake ami, mjane, kisha ukarudi. Maji yake hayakuwa na chumvi hata kidogo, na nyumba zote za upande ule zilikunywa hapo. Mzungu naye alikunywa. Shangazi alimtekea kwa kata yake, akampa kwa mkono wake.

Nyumbani nilichora mara tatu. Kila mara ile kona ilinikera kama jino lililoota pembeni. Mara ya nne niliweka rula, nikapiga mstari mmoja kutoka mnazi wa mwisho hadi baharini. Nakiri kwamba niliutazama kwa raha. Nikajiambia watu wote wameshaona kisima ni cha nani, karatasi ni pambo tu. Ami hakujua kusoma. Aliweka dole gumba pale nilipomwonyesha.

Masika ilipokwisha, seng'enge ya Mzungu ikafuata mstari wangu, kisima kikabaki ndani yake. Shangazi akanijia na debe tupu.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. "Baba, wewe unayejua karatasi, hebu nisomee. Kisima changu kimepanda meli lini kwenda Ulaya?"

"Nitakwenda kusema naye, shangazi."

"Kaseme. Na ukifika, uniombee na kata yangu, nimeisahau huko huko."

Nikaenda. Mzungu alinisikiliza akiwa ameegemea nguzo ya seng'enge. Nilimkumbusha alivyotembea nasi, na maji aliyoyanywa. Akaikunjua ramani, akaweka kidole juu ya mstari.

"Nani nachora hii?"

"Mimi, bwana."

"Wewe nachora mzuri sana. Mimi nanunua hii."

Alijua! Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Aliiona kona kwa macho yake, akaipita kwa miguu yake, na koo lake lilikijua kisima. Mtu anayeingia nchi ya watu akapewa maji, kisha akajifanya haelewi ila karatasi, huyo simwiti mgeni. Nilitaka kuing'oa nguzo ile nimpige nayo. Lakini ingenibidi nianze na kichwa changu, maana silaha nilimtengenezea mimi, tena kwa wino mzuri.

Ikabaki boma la Pangani, zinakoandikishwa hati. Asubuhi nzima nilikaa kwenye benchi nikitafuta uongo mdogo: rula iliteleza, taa ilikuwa hafifu. Nilipoitwa, nilimkuta karani aliyevaa tai, mwenye vyeti vyote nisivyokuwa navyo. Ami na shangazi walisimama nyuma yangu. Nikasema, "Niliunyoosha makusudi, ili upendeze."

Karani alicheka mpaka akavua miwani. "Ili upendeze! Basi umependeza, kijana." Hati ilikuwa imekwisha kupita. Haikubadilishwa.

Sasa shangazi anateka maji katika kisima kipya tulichomchimbia mimi na ami nyuma ya nyumba yake. Yana chumvi kidogo, na chai yake si ile. Salamu yangu anaiitikia. Mimi bado naandika hati, lakini kona za watu nazichora zilivyo, na kabla mtu hajaweka dole namsomea karatasi yote mbele ya majirani.