Kichwa Nusu Getini

Baba ni kinyozi, na kinyozi hawezi kumwachia mtu kichwa nusu. Ndiyo maana alikuwa akichelewa kumchukua mdogo wangu, Kidoti, shuleni. Saa kumi juu ya alama geti linafungwa, na mzazi anayegonga baada ya hapo anatozwa faini. Kwenda mimi haiwezekani: mtoto anakabidhiwa mzazi aliyesaini tu, na mama anatoka kazini jioni.

Faini ya kwanza ilimeza viatu vyangu vipya kabla sijavivaa. Ya pili ikameza vya Kidoti. Kisha ikaja barua ya mwalimu mkuu: mzazi akichelewa mara ya tatu, Kidoti atafutiwe shule nyingine. Baba aliisoma, akaibandika kwenye kioo cha kinyozi. Siku hiyo alinyoa bila kupiga mluzi.

Jumatatu, saa kumi kasorobo, akaingia fundi bomba.

"Kaa, ndugu yangu, dakika kumi tu."

Lakini fundi bomba akianza kusimulia, kichwa hakitulii. Zikabaki dakika tano: upande wa kulia umeng'aa, wa kushoto msitu. Baba akatazama barua.

"Inuka, twende."

"Wapi? Wee kinyozi, hivi nilivyo?"

"Shuleni. Au nikuache hivyo mpaka kesho?"

Wakatoka mbio, fundi na shuka shingoni, Baba na mashine ya betri mkononi. Mimi nikabeba kigoda. Barabarani watu walishika mbavu. Tulimkuta mlinzi wa geti ameshashika kufuli.

"Mzee, huyo umemtoa hospitali gani?"

"Wewe angalia saa yako, usiangalie kichwa chake!"

Akaangalia. Dakika moja ilikuwa imebaki.

Kidoti akatoka, akamwona fundi, akacheka mpaka akakaa chini. Baba akaweka kigoda kando ya ukuta, akamalizia kazi palepale, huku akipiga mluzi. Alipokung'uta shuka, mlinzi akavua kofia.

"Na mimi je?"

Nyuma yake baba wawili waliokuja kuchukua watoto wakajipanga kimyakimya.

Siku hizi, kuanzia saa tisa na nusu, Baba hunyolea getini. Mwalimu mkuu hakumfukuza. Ijumaa naye hukaa kwenye kigoda. Analalamika Kidoti peke yake: baba anawahi mno, wenzake wanabaki wakicheza.